Kipini Ndani ya Chungu cha Mkorosho

Nianze na waliokuwepo siku ile, maana mmoja wao amekaa hapa mbele yangu. Alikuwepo Salma, mjukuu wa marehemu dada yangu Hadija, aliyesomea mambo ya dawa chuo kikuu. Alikuwepo Bi Somoe, jirani yangu wa hapa Likombe, ukuta kwa ukuta. Na mimi, Fatu binti Issa. Ninyi wengine hamkuwepo, na hilo ni kosa langu.

Ndugu zangu, nawaambia, uvimbe ulianza kama punje ya mbaazi, ziwa la kushoto. Hospitali wakachukua kinyama, wakapima. Daktari akasema ni saratani, ziwa litolewe mapema. Nikaitikia vizuri, nikatoka, sikurudi. Mume wangu alishafariki, wanangu wako mbali. Niliona nikisema nitakuwa habari ya mtaa. Nikaacha kuja hapa kikundini kwetu. Mkasema Bi Fatu kapata majivuno. Nilisikia. Nikawa naoga na kanga mwilini, macho yangu yasione. Nasonga ugali wa mtu mmoja, na huo nao nusu unalala.

Ndipo Salma akaja kuchuma majani ya mkorosho wangu. Alinieleza vizuri tu: wanatengeneza chembe za dhahabu, ndogo mno jicho halizioni, kwa maji ya majani badala ya kemikali kali, ili huko mbele zisaidie kutibu saratani. Akanionyesha kwenye simu: maji ya njano hafifu yenye dhahabu yakamiminiwa maji ya majani, yakageuka mekundu kama juisi ya rozela. Sikumwambia ninaumwa nini. Akajaza mfuko wake, akaaga.

Nami nikajiambia: majani ninayo, dhahabu ninayo. Nikavua kipini changu cha puani, nikakitia chunguni na majani na magome, nikachemsha. Maji yakawa mekundu. Nikalia kwa furaha, na sikuwa na wa kumwita aone. Nikanywa kikombe asubuhi, kikombe jioni, tangu mikorosho inatoa maua mpaka mabibo, matunda yake, yakaisha. Uvimbe unakua, naongeza magome.

Salma aliporudi alinikuta jikoni. Bi Somoe naye alikuwa kaja kurudisha ungo.

"Mke mwenzangu, umenipikia nini?" Ndio utani wetu, bibi na mjukuu. Salma akachungulia chunguni. "Na kipini kimefuata nini humu?"

"Labda chumvi imemwishia," Bi Somoe akadakia.

Sikucheka. Nikafungua kanga, nikawaonyesha.

Salma hakunikaripia. Alichukua sufuria nyingine, akatia majani na magome matupu, bila dhahabu, akachochea moto. Tukakaa watatu, tunatazama. Maji yakawa mekundu vilevile.

"Hiyo ni rangi ya gome, bibi. Dhahabu haiyeyuki kwa maji ya moto. Ile yetu huyeyushwa kwanza kwa tindikali, na bado tunaijaribu kwenye vichupa. Hatujampa mgonjwa yeyote."

"Mtampa lini?"

"Sijui. Pengine miaka mingi. Pengine isifae. Ziwa lako haliwezi kutungoja."

Nikasema nilichokificha miezi yote ile: "Naogopa kwenda peke yangu."

Bi Somoe akanitazama sana. "Nani alikwambia uende peke yako? Ulituuliza?"

Kesho yake tulikwenda watatu. Ziwa likatolewa, nikatundikiwa dripu za dawa, nywele zikapukutika, zikaota tena. Daktari alisema ningewahi, ningeteseka kidogo. Bado naenda kupimwa. Na sitawadanganya, nyumba bado ni kubwa kwangu. Zipo siku nazungumza na kuku.

Salma, popote ulipo na vichupa vyako, ahsante, na Mungu akufungulie. Bi Somoe, uliyenifulia vitambaa vya kidonda bila kuziba pua, sina cha kukulipa. Funzo langu ni dogo. Wanaotafuta dawa ya kesho tuwaombee. Mgonjwa wa leo aende kwa dawa ya leo. Na kabla hajaenda, amwambie hata mtu mmoja.

Nimesimulia nikumbukavyo. Kama nimekosea jina au siku, msiseme nikishaondoka. Nisahihisheni sasa. Nipo, nasikia.