Babu Waya Anaagwa kwa Mara ya Tatu

Katika jengo hili la ghorofa nne hakuna anayenishinda kuandika. Nasema jengo zima, kuanzia daktari wa meno wa ghorofa ya tatu, aliyesoma mpaka nywele zikamkimbia, hadi wanasheria wa juu kabisa, ambao wakikuandikia barua hujui umeshtakiwa au umesalimiwa. Shule niliachana nayo kidato cha pili, kwa makubaliano ya pande zote mbili, na bado karatasi ikiniona inatetemeka. Ndiyo maana kazi hii nimepewa mimi. Sababu nyingine ni kwamba karani wa ofisi amegoma. Anasema ameshamuaga mtu huyu kwa maandishi mara mbili, na mara mbili mtu mwenyewe amerudi Jumatatu na ngazi begani. Maneno ya kuagia yamemwishia.

Basi na iandikwe: Babu Waya, fundi umeme wa jengo letu kwa miaka thelathini na moja, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Safari hii ni kweli. Naomba msicheke.

Babu aliingia humu kuta zikiwa bado zinanuka rangi. Wakati huo kulikuwa na duka moja la vitambaa chini na popo juu. Kila mpangaji aliyekuja baadaye amewashiwa taa na mkono wake: mwoka mikate na tanuri lake, Mama Saluni na draya zake, daktari na kile kiti chake kinachopanda na kushuka kama mfalme asiyejua akae wapi. Waya zote zilizo ndani ya kuta hizi zinamjua. Sisi wengine tunajua swichi tu.

Sifa yake kubwa, ile iliyomfanya atajwe hata na majirani, ni kwamba hakuwahi kutuzimia umeme. Alifanya kazi umeme ukiwa unapita, miguu juu ya ubao mkavu, midomo ikinong'ona kama anambembeleza mtoto alale. Kwa miaka yote hiyo hakuna mteja wa Mama Saluni aliyetoka na nywele zilizokauka upande mmoja. Tulidhani umeme wa jengo hili una adabu. Kumbe adabu ilikuwa ya Babu.

Utani nao hakuukosa. Mimi ananiita Injinia wa Maneno. Nikimpa shikamoo asubuhi, anaitika marahaba, kisha anauliza kama nimeamka au nimeletwa. Siku moja nilimwambia suruali yake ina viraka vingi kuliko suruali yenyewe. Akanijibu, "Mjukuu wangu, hii imepigwa shoti mara nne na bado inavalika. Yako inaogopa hata pasi."

Lakini mtu huchoka. Mwaka jana magoti yake yalianza kulia kabla ya ngazi kulia. Alikuwa akipanda vidato viwili, anakaa, anapumua, anatazama dari kama mtu anayetazama mlima alioupanda ujanani. Macho nayo yakaanza kumdanganya, waya mwekundu akauona wa kahawia. Akaenda kwa Meneja wa jengo akasema imetosha, naomba kwenda nyumbani.

Nyumbani maana yake ni kwa kaka yake. Ndiye ndugu pekee aliyebaki wa tumbo la mama yao, na hawajakaa pamoja tangu Babu alipoondoka kutafuta kazi akiwa kijana. Kaka mtu alikuwa amejenga chumba cha pili ubavuni mwa nyumba yake, akakiezeka, akaweka kitanda. Kila Jumapili alipiga simu. Babu alikuwa akiweka spika ili na sisi tusikie tukinywa chai: "Mdogo wangu, vumbi limekutangulia kulala kwenye hiki kitanda. Unakuja au nilipangishe?" Tulikijua kitanda kile utadhani tumewahi kukilalia.

Ila Babu aliweka sharti mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Hataondoka mpaka apatikane fundi wa kumwachia jengo. Alisema, "Nikiondoka leo, kesho mkaungua, nitapataje usingizi kwenye hicho kitanda?"

Meneja akaunda kamati: yeye mwenyewe, Mama Saluni kwa niaba ya wapangaji, Babu kwa niaba ya waya, na mimi kwa niaba ya wenye akili. Ukweli ni kwamba nilipeleka viti nikasahau kutoka. Tangazo likabandikwa, sherehe ya kwanza ya kuaga ikafanyika mapema ili mambo yaende pamoja, keki ikaliwa, Babu akapewa saa ya ukutani.

Fundi wa kwanza alikuwa mtu mkimya, shati limepigwa pasi, buti zake mwenyewe miguuni. Alisimama mbele ya swichi kubwa muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha akasema kwamba kabla ya yote anataka jengo zima lizimwe, siku ya kazi, nusu siku, wapangaji wakiwepo, ili ajue kila breka, vile viswichi vidogo vya kukata umeme, inamlisha nani. Bila hivyo, haanzi.

Mama Saluni alicheka mpaka wateja wakatoka na mafuta kichwani kuja kuona kuna nini. "Baba, wewe ni fundi au ni mgao wa umeme?" Mimi nikadakia kwamba akimaliza na sisi azime na jua. Meneja naye akacheka, na Meneja hachekagi. Yule bwana alitungoja tumalize, akakunja karatasi zake, akaaga vizuri. Babu peke yake ndiye hakucheka. Alisema, "Mchukueni huyu." Tukamwambia Babu aache upole, amezidi huruma, mtu gani anakuja kazini akidai giza? Jumatatu akarudi na ngazi yake.

Wa pili tulimpenda hata kabla hajakaa. Maneno yake yalikuwa matamu, miwani ya jua hakuivua hata ndani ya chumba cha swichi, na kila alichoulizwa alijibu, "Hiyo kazi ndogo, mama." Hakuomba kuzima hata balbu. Mama Saluni akasema huyu ndiye. Sherehe ya pili ikafanyika, keki ndogo zaidi, Babu akapewa mwavuli.

Jamaa aliunganisha tanuri la mikate na draya za saluni kwenye waya mmoja. Mama Saluni alipowasha draya ya tatu, mikate ilikufa ikiwa mibichi, kiti cha daktari kikakwama juu na mgonjwa mdomo wazi, kisha moshi ukaanza kutoka chumba cha swichi. Yule wa kazi ndogo alishuka ngazi mbio, na tangu siku hiyo hatujaiona hata miwani. Meneja alimpigia Babu simu. Ilikuwa Jumatatu, Babu yuko kituo cha basi, godoro limefungwa kamba, tiketi mkononi. Alirudi na godoro lile lile, akaliweka chini ya ngazi, akauliza moshi unatoka wapi.

Marekebisho yalichukua miezi. Waya nyingi zilikuwa zimeungua ndani ya dari, na kila alipofungua sehemu moja alikuta nyingine. Tangazo likabandikwa tena, wakaja watu, hawakufaa, au walisikia harufu ya moshi wakageuka. Simu za Jumapili ziliendelea. Kaka mtu akaanza kukohoa katikati ya utani wake. Babu akawa anamwambia, "Vumilia kidogo, kaka, natafutiwa mtu." Halafu ikaja simu ya siku ya kazi, Babu akiwa juu ya ngazi na kichwa ndani ya dari. Nilimpandishia simu mimi. Aliisikiliza, akanirudishia, akamalizia kuunga waya aliokuwa ameushika, ndipo akashuka.

Alikwenda kuzika, akakaa siku chache, akarudi, maana fundi alikuwa bado hajapatikana. Mwoka mikate, katika kutafuta la kusema, akamuuliza wakati wa chai kama kile kitanda amekiona. Babu akasema, "Kizuri. Kipana."

Mwezi huu amekuja dada mmoja fundi, kitambaa kichwani, testa mfukoni, hana maneno mengi. Alisimama mbele ya swichi kubwa, akaomba jengo lizimwe siku ya kazi, nusu siku, sote tukiwepo. Mama Saluni akasema, "Siku gani, mwanangu? Nitafunga." Mwoka mikate akaoka alfajiri. Daktari akaahirisha meno. Tukakaa kwenye ngazi za jengo, korido nyeusi, kimya, tunasikia jengo letu lisipofanya kitu linasikikaje. Yule dada alikwenda mlango kwa mlango, akabandika jina la kila mtu kwenye breka yake. Babu aliletewa kiti karibu na swichi ili amsimamie. Hakumsimamia. Alilala palepale, kidevu kifuani, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Taa ziliporudi alifumbua macho, akatazama breka zile moja moja, akasema, "Haya. Nimeona."

Basi Babu, kwa niaba ya wapangaji wote, asante. Asante kwa mikate, kwa nywele, kwa meno, na kwa kila taa tuliyoiwasha bila kujiuliza nani aliiunga. Nenda salama. Magoti yapumzike, macho yapumzike, na simu yako isilie jina la Meneja tena. Akikupigia, usipokee, nimekuruhusu mimi. Tunakuombea siku nyingi, usingizi wa asubuhi, na watu wa kukutania huko, ingawa kunifikia mimi hawatanifikia.

Karani aliniambia wasifu humalizwa kwa furaha, na nilikuwa nimeshamaliza pale juu. Lakini kuna jambo moja kila mtu humu analijua na hakuna aliyelisema kwenye keki hata moja. Si ule moshi. Moshi ulifutwa na rangi. Ni kwamba dada huyu hakuomba chochote ambacho yule wa kwanza, mwenye shati la pasi, hakukiomba. Babu alituambia tumchukue. Hatukuwahi kukosa fundi, Babu. Tulimpata siku ya kwanza kabisa, tukamcheka mpaka akaondoka, kwa kuwa tulikuzoea wewe. Na siku ile kaka yako alikuwa mzima.