Kiganja Juu ya Kioo Cheusi: Praxeda Mhina (1961–2025)

Mama yetu Praxeda alizaliwa Mkuzi, Muheza, tarehe 3 Februari 1961, mtoto wa pili wa mzee Kihiyo, mkulima wa michungwa. Alisoma hapo hapo kijijini hadi darasa la saba, mwaka 1975. Alitamani kuendelea, ila nafasi haikupatikana.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na Methusela Mhina, fundi wa shamba la mkonge. Mashine ya kuchambulia mkonge ilikuwa imemkata kidole cha pete cha mkono wa kushoto, hivyo Padri alibaki ameshika pete hajui aiweke wapi. Bibi harusi akamnong'oneza, "Mvishe cha jirani, Padri. Hao ni ndugu." Kanisa zima lilicheka.

Mwaka 1998 aliajiriwa katika kiwanda cha taulo za karatasi mjini Tanga, kupima taulo zinaacha nyuzinyuzi kiasi gani. Alifuta kioo cheusi kwa taulo, akakimulika kwa taa kutoka ubavuni, kisha akahesabu kwa lenzi nyuzi zilizobaki. Taulo zile zilikwenda vyumba vya upasuaji, naye alituambia kijiuzi kimoja kikiingia kidondani ni adui.

Baba alifariki mwaka 2016. Miaka mitatu baadaye, alasiri moja ya Juni, mama alifuta kioo kama kawaida. Taa ilipowaka, nyuzinyuzi zilikuwa zimetapakaa kote isipokuwa sehemu moja, safi, yenye umbo la kiganja cha kushoto. Kidole cha pete hakikuwapo.

"Mama Resti, umekigusa?" aliuliza Rahimu, mwenzake wa meza ile, ambaye yuko nasi hapa leo.

Mama akamwonyesha mikono yake, vidole vyote kumi.

Walikiosha kioo, wakabadilisha taulo. Alipofuta Rahimu, hapakuwa na umbo lolote. Alipofuta mama, kiganja kilirudi, sasa kimesogea upande wake.

Msimamizi alitaka kumhamishia kitengo cha kufungasha taulo. Mama akajibu, "Mimi hapa sitoki, bwana. Huyu nikimhama, atanitafuta wapi?"

Aliendelea hadi alipostaafu, Februari 2021. Rahimu anasema siku ya mwisho kiganja kilikuwa ukingoni kabisa mwa kioo, usawa wa kifua cha mama. Mama akakifunika kiganja kile kwa mkono wake, akasema kina joto.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2024. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, hospitalini Tanga, mimi ninayewasomea haya nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake. Alitazama mlangoni kwa muda, akasema, "Resti mwanangu, inuka. Mpishe baba yako."

Niliinuka. Kiti cha plastiki kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapoketi. Mama akanyoosha mkono kuelekea pale, na kabla ya adhuhuri akafariki.

Ameacha watoto wawili, mimi Restituta na mdogo wangu Anatoli, wajukuu watano, na dada yake Eufrasia.

Apumzike kwa amani, yeye na aliyemjia.