Siku Mtaa Ulipoinamisha Macho

Sikilizeni wanangu, wewe Yakubu na wewe Aziza, na mlango uacheni wazi, ili wifi yangu Nyota aliyeketi barazani asikie kila neno, maana maneno haya ni yake kuliko yenu. Habari nitakayowapa, aliyenisimulia kwanza ni tonton Timothée, mjomba wenu kwa urafiki, mwaka wa 1965, mji huu ukiwa bado unaitwa Stanleyville. Alinisimulia nje ya ukuta wa shule yangu ya sekondari, tumesimama juani, kwa kuwa papa yangu alikuwa amemkataza kukanyaga uwanja wetu. Nilimwomba airudie yote tangu mwanzo, nikaona hakubadilisha kitu. Mengine aliniambia papa mwenyewe katika ugonjwa wake wa mwisho. Nilichokiona nitasema nilikiona, na nilichoambiwa nitasema niliambiwa, na nanyi mkiwaeleza watoto wenu msichanganye.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, msiigawe kwa ukuta. Cherehani ya papa ni ya Aziza, ndiye aliyekubali kujifunza. Linabaki gari. Nimewasikia mkigombana uwanjani mkidhani nimelala. Yakubu amenunua kisanduku cha king'ora kwa watu wanaotoka Dubai, eti ukigusa mlango gari linalia kama polisi, au kama mtoto wa mbuzi, wewe uchague. Na Aziza anasema gari liuzwe kabla watu wenye bunduki waliojaa tena mjini hawajalichukua. Kesho fundi anakuja. Basi kabla fundi huyo hajagusa waya hata mmoja, mjue ule waya ulioko ndani ya milango uliwekwa na nani, na ulifanya nini.

Papa yangu Lukumani alikuwa fundi wa kushona, mtu wa maneno machache, mjukuu wa wale waliofika huku na misafara ya pembe za ndovu. Gari alilipata mwaka wa uhuru. Mzungu mmoja aliyekuwa akishonewa suti kwake alikuwa anakimbilia ndege, akamwachia ile Peugeot nyeusi kwa bei ya mtu anayekimbia. Papa hakujua kuendesha. Aliyejifunza ni kaka yangu Amuri, na kabla hajazoea hata kurudi nyuma, majirani walianza kuja kuomba.

Hawakuomba kupelekwa sokoni. Waliomba wafu wao waletwe nyumbani kutoka hospitali ndani ya gari, badala ya kusukumwa kwenye mkokoteni mbele ya watu. Papa hakumkatalia mtu, awe Mwislamu wa mtaani kwetu, awe Mkristo wa mtoni aliyetoka Isangi au Yanonge. Kiti cha nyuma kiliondolewa, pakatandikwa mkeka. Amuri akifika mwanzo wa mtaa alibonyeza honi, akaiacha ilie mfululizo mpaka mlango wa wafiwa. Ikawa ndiyo desturi yetu: honi ya Papa Lukumani ikisikika, mwenye baiskeli alishuka, mwenye mzigo aliutua, wanaume walivua kofia, hata Waislamu, jambo ambalo mwalimu wa msikiti hakulipenda, na wote waliinamisha macho. Kutazama ndani ya gari ilikuwa aibu kubwa. Tuliambiwa kwamba maiti ambaye hajaoshwa ana haki ya kutoonekana.

Kisha ukaja mwaka wa sitini na nne na uasi. Vijana wenye bunduki na mikuki walichukua kila kilichokuwa na magurudumu. Papa hakulia kwa ajili ya mali. Alisema wafu wameongezeka kuliko zamani, na gari likienda, watarudi kwenye mkokoteni. Ndipo akamwita Timothée, Mkristo wa Yanonge, fundi wa umeme aliyekaa mtaa wa Kabondo, rafiki wa Amuri kiasi kwamba mama yangu alikuwa akiwapikia sahani moja.

Timothée alibuni kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho mjini. Kwenye kila mlango alifunga vipande viwili vya shaba vyenye springi ya redio iliyokufa. Mlango ukifunguliwa, vipande vinagusana, umeme wa betri unakimbilia kwenye honi, na humo katikati aliweka kidude kilichoshika umeme huo kikakataa kuuachia, hivyo hata mwizi akifunga mlango tena, honi hainyamazi. Inanyamaza tu kwa kitufe alichokificha chini ya kiti cha dereva, nyuma ya kitambaa alichoshona papa kwa mkono wake.

Ila walibishana juu ya sauti. Timothée alitaka kuleta kengele nzito ya kiwandani. Papa alikataa, na Timothée aliyakumbuka maneno yake yote: "Kengele ya nani hiyo? Watadhani ni kiwanda kinawaka. Honi hii mtaa mzima unaijua. Ikilia, hakuna mutu atabaki ndani ya nyumba."

Na kweli, wanangu, hakubaki mtu ndani ya nyumba.

Kazi hiyo ilifanyika Kabondo, uani kwa Timothée, gari limefunikwa kwa turubai na matawi. Siku ilipokamilika, Amuri alikwenda kulichukua baada ya sala ya alasiri. Walijaribu mara moja, honi ikalia, wakaizima, wakacheka kama watoto. Wakaitega tena. Huenda ni jaribio hilo lililosikika njiani, Timothée hakuwa na hakika, lakini mara vijana watatu wenye silaha walisimama langoni. Mmoja akafungua mlango wa gari mwenyewe, na honi ikaanza.

Wakamwamuru azime. Amuri akasema imeharibika. "Iko nalia yenyewe, chef. Mupaka betri ikufe."

Yule mkubwa wao akacheka. "Basi ilie. Watu watajua wakubwa wanapita."

Wakamsukuma Amuri kwenye usukani, wakataka awapeleke njia ya Buta. Timothée wakamtupa nyuma, akachuchumaa kwenye mkeka, mahali palepale walipozoea kulazwa wafu. Ipo njia fupi ya kutoka Kabondo bila kupita kwetu. Amuri hakuifuata. Alikata kona kuelekea mtaani, na kwenye kioo kidogo alimtazama Timothée, na Timothée akaelewa: kitufe kilikuwa chini ya paja la Amuri, hakukigusa, kwa sababu alikuwa anapeleka honi ile kwa watu wake. Wakiwa wengi wakitoka, wakiziba njia, wakimwita kwa jina, vijana watatu wangefanya nini? Alipunguza mwendo mpaka gari likawa linakwenda kama mtu anayetembea.

Watu walitoka. Timothée aliniambia hajawahi kuwaona wengi namna ile. Walitoka kwa mwuza mafuta, walitoka kwa mshona viatu, watoto wakavutwa mikono kando ya njia. Baiskeli zikalazwa. Kofia zikavuliwa. Na macho yote, wanangu, macho yote yakaenda chini.

Vijana wale walishangaa kwanza. Kisha yule mkubwa akamwambia Amuri, bila kejeli yoyote, "Watu yenu iko na heshima kweli."

Timothée alimwona Amuri jasho linamtiririka shingoni. Amuri aligonga kioo cha dirisha kwa ngumi, mara moja, mbele ya duka la mtu aliyemfundisha Kurani, na mtu yule akazidi kuinamisha kichwa, akidhani ni uchungu wa mfiwa.

Papa yangu alikuwa kwenye kiti cha kinyozi pale njia panda, nusu ya kichwa imenyolewa, kofia juu ya goti. Aliniambia mwenyewe: honi ya alamu alikuwa ameiagiza yeye, alijua kwamba kazi inamalizika siku ile, na bado masikio yake yalisikia kile yalichozoea kusikia. Aliwaza kwamba Amuri ameombwa njiani kuleta maiti, na kwamba ni mtoto mwema kwa kutokataa. Alisimama na kitambaa cha kinyozi shingoni, akashika kofia kifuani, akatazama vidole vya miguu yake, akasoma Fatiha yote, polepole, kwa ajili ya aliyekuwa anapita.

Humo ndani Amuri alisema, na ni neno la mwisho Timothée alilolisikia kwake: "Papa iko pale. Yeye hatuoni."

Mimi nilikuwa nyumbani na Nyota, mke wa Amuri, tunachambua mchele. Hili nililiona. Nyota aliposikia honi alijifunika kichwa kwa kitenge, akasogea mlangoni, akasimama na macho chini, na gari likapita karibu nasi hata vumbi likaingia kwenye ungo. Alikuwa bibi arusi wa mwaka mmoja. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Leo ni nani tena, Asha?" Nikasema sijui. Tukarudi kwenye mchele.

Mtaa ulipokwisha, Amuri alipeleka mkono chini ya kiti, akabonyeza, honi ikanyamaza. Hapo wale vijana wakaelewa kwamba aliweza kuizima tangu mwanzo. Hawakumpiga. Mbele, kwenye matope, gari likazama, wakamwamuru Timothée ashuke asukume. Alisukuma kwa nguvu zake zote, gari likachomoka, likaenda bila yeye, akabaki na matope usoni. Hivyo ndivyo alivyopona: kwa kusukuma.

Alifika kwetu jua likizama. Papa alimsikiliza chumbani, wawili tu, akatoka na nusu ya kichwa chake haijanyolewa, akatuambia, "Amuri amechukuliwa." Akamwambia Timothée asirudi tena. Hakumtuhumu kwa jambo lolote. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba hakuweza kumtazama mtu aliyemwona yeye akishika kofia kifuani.

Vita vilipopoa, wakulima wa upande wa Masako walileta habari kwamba gari jeusi liko ukingoni mwa msitu. Papa alikwenda. Milango ilikuwa imefungwa vizuri, ufunguo uko mahali pake, mkeka umekunjwa. Hapakuwa na damu, wala kiatu. Amuri hakuonekana siku hiyo, wala siku nyingine. Na wako watu wa mtaani, siwataji, walioapa kwamba nyakati za alasiri waliisikia honi ikipita wakati gari limelala uwanjani bila betri. Nami nimeisikia. Sitawaambia ni masikio ya uzee, maana nilikuwa msichana.

Sasa shikeni hili. Mwalimu wa msikiti alikuja kutaka tuketi matanga, tumsomee Amuri hitima. Papa alikataa. Alisema, "Nimeshamsomea Fatiha akiwa hai, anaendesha. Nikimsomea tena, nitakuwa nimemwua mara ya pili." Akaweka amri ndani ya nyumba hii kwamba hakuna atakayemwita Amuri marehemu mpaka mwili uonekane, akaitia mikononi mwangu alipokufa, kwa kuwa nilikuwa na kumbukumbu nzuri. Nimeitunza. Kwa amri hiyo Nyota hakuwa mjane na hakuwa mke. Walikuja wanaume wazuri kumposa, tukawaambia ana mume. Nywele zake zimekuwa nyeupe barazani kwetu akisubiri tuseme neno moja, na mara zote alipouliza, tulimpa chai.

Aziza, niinue kidogo. Hapo. Inatosha.

Gari ni la Nyota. Akitaka liuzwe, liuzwe. Akitaka libaki, Yakubu funga kisanduku chako, chagua sauti ile ya mbuzi, sina ugomvi na mbuzi. Ila kile kidude cha zamani kisiungwe kwenye hiki. Fundi aifungue honi ya papa kwa bisibisi, asikate waya, na mkaizike. Marehemu baba yenu aliendesha gari hili miaka yote bila kupiga honi, akitoa kichwa dirishani na kupiga mluzi, watu wakimcheka. Hamkujua sababu, sasa mnaijua.

Na gari lolote likipita linalia, liwe la harusi, liwe la msiba, liwe la askari, tazameni ndani. Mkiambiwa hamna adabu, kubalini. Tazameni ni nani anaendesha, na uso wake ukoje.

Tumeni mtu Yanonge kwa tonton Timothée. Aje aingie kwa lango kubwa, apewe maji ya kunawa, akae kiti cha papa. Mwambieni nimelifuta lile katazo la papa. Akija, someni hitima, hata kama... hata kama mimi nimeshatangulia, msichanganye ya kwangu na ya kwake, ya Amuri ianze. Kisha Nyota akae eda yake yote, kama mtu yeyote, na watu waje wamwambie pole. Akitoka edani mpeni nguo mpya. Aziza, ushone wewe.

Mungu awape macho. Awape nyumba isiyo na mtu anayesubiriwa. Yakubu, Mungu akulinde katika njia zako. Aziza... mikono yako iwe na baraka. Ngoja. Nivute pumzi.

Mnaandika? Andikeni. Papa Lukumani amekufa. Mama yangu amekufa. Kinyozi, na mwalimu wa Kurani, na wote waliosimama njiani siku ile, kadiri nijuavyo, wamekufa. Timothée yu hai, Yanonge, macho yamepungua. Nyota yu hai, yuko barazani, ananisikia. Mimi bado.

Amuri, mtoto wa Lukumani, mume wa Nyota, amekufa. Nimesema mimi, Asha, dada yake.