Kaseti Aliyoiacha Jaji

Mzee wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Jaji, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Mama yake alisema alilia kwa mpigo. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyembeba, alisema alilia tu.

Shule alianza mwaka 1960 akaishia darasa la nane. Kichwa hakikuwa kizito. Ulimi ndio ulikuwa mwepesi. Alimwambia mwalimu wa muziki, mbele ya darasa zima, kwamba kinanda kimeshafika na yeye bado yuko njiani.

Mwaka 1974 alifungua kibanda cha kurekodi kaseti, ubavuni mwa kinyozi. Ulimpelekea kaseti tupu, ukachagua albamu, kesho yake ukakuta amekurekodia nusu. Nyimbo asizozipenda aliziruka. Ukilalamika, anakuuliza umekosa nini. Bendi moja ya dansi ilikuwa na wapiga gitaa wanne. Alisema watatu wanalinda vyombo. Mwimbaji fulani wa rege, kwake, alilia njaa kwa sauti ya mtu aliyetoka kula. Rumba aliisamehe mengi, isipokuwa kutaja majina ya matajiri katikati ya wimbo. Kijana mmoja wa rapu, Jaji alimsifu kwamba anajua mahali pa kunyamaza. Kwaya alizipenda kuliko vyote, akidai sauti ya tatu ndiyo inayobeba nyumba na hakuna anayeisalimia. Albamu ikimkaa moyoni, alivunja kwa bisibisi vile vijiplastiki viwili vya mgongoni mwa kaseti, kimoja cha kila upande, ili mtu asije akarekodi juu yake. Sifa kubwa kuliko hiyo hakuwa nayo ya kumpa mtu.

Tarehe 1 Disemba 1979 alifunga ndoa na muuguzi aliyeingia kibandani kudai nyimbo zake zilizorukwa. Alirekodiwa zote. Mama husema ndiye mteja pekee aliyeishinda kesi ile, akafungwa maisha. Walijaliwa watoto watatu.

Kitinda mimba wao akawa mwimbaji. Mwaka 2021 alitoa albamu yake ya kwanza, ya kusikiliza kwenye simu. Baba akaihamishia kwenye kaseti, kisha kimya. Binti akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Bado nasikiliza, mwanangu." Alisifiwa na watu asiowajua, lakini sifa zao hazikumshibisha. Kaka zake wakamwambia aachane na mzee, ndivyo alivyo. Hakuweza.

Tarehe 17 Agosti 2023 kiharusi kilimnyang'anya Jaji mkono wa kushoto na maneno yote. Binti akarudi nyumbani kumuuguza. Kumgeuza, kumwosha, uji kijiko kwa kijiko, benchi la hospitali, mashuka, halafu kumgeuza tena. Mama naye miguu ilishachoka. Uchovu ulimwingia binti mpaka akaacha kuimba hata akiwa jikoni. Swali lake akalimeza. Utamuulizaje mtu asiye na ulimi? Alimsogezea tu redio ya kaseti upande wa mkono mzima, pamoja na bisibisi ndogo aliyopenda kuichezea.

Jaji alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa tisa alasiri, mkanda ukiwa umefika mwisho.

Juzi, akikunja blanketi, binti aliikuta ile kaseti ya albamu yake chini ya mto. Akaigeuza. Kijiplastiki cha upande wa kwanza kilikuwa kimevunjwa. Cha upande wa pili kilikuwepo, kizima kabisa. Mama alipoingia alimkuta ameketi kitandani, machozi yanamtoka na anacheka.

"Amenipa nusu, mama."

Mama akaitazama ile kaseti, akakaa naye. "Upande wa pili hata mimi nilisinzia, mwanangu."

Binti anasema ataurekodi upya, akishalala usingizi wa kutosha.

Jaji ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, dada yake mkubwa, na kinyozi jirani ambaye hadi leo anadai alirekodiwa upande mmoja. Binti atasimama leo na kwaya, kwenye sauti ya tatu. Tunawaomba wengine mpunguze kidogo, isikike.

Lala salama, mzee wetu. Umesikiliza vya kutosha.