Nafasi ya Luciana

Sogeeni dirishani, Elina na Paskali, lakini hiyo kamba msiivuke, maana mgambo akiwaona atawafungia humu pamoja nami, na darasa hili walimotutenga wazee, wanangu, halina hewa ya kuazimana. Sina kipindupindu, ni moyo tu unaochoka kama punda aliyepandishwa kilima. Lakini amri ya kijiji haichagui: aliyeingia hatoki mpaka ugonjwa uondoke Ulemo, nami najua sitaufikia mwisho wake.

Niliingiaje? Kwa mdomo wangu. Serikali ya kijiji ilitenga nafasi kumi za wazee wasio na mtoto, wapikiwe uji, wachemshiwe maji. Katibu Andrea, mgeni asiyetujua bado, akaniuliza, "Bibi, una watoto?" Nami nimeshanusa uji wa sukari, nikamjibu, "Mjukuu wangu, sina hata wa kunitoa mwiba." Nyinyi mko Itigi huko relini, nani angenisuta? Nikawa wa kumi. Nyuma yangu alisimama Luciana, mke mwenzangu, ambaye kweli Mungu hakumjalia; akaambiwa nafasi zimekwisha. Akanitazama, akageuka akaenda zake. Heri angenitukana!

Mnakumbuka nilivyowakataza kula kwake. Kisa ni yule ng'ombe mwekundu ambaye baba yenu alimpa yeye akamue, mimi nikabaki na kibuyu kikavu. Basi nikazungusha maneno kwamba ana mkono mbaya, hulisha watu uchawi, nikayatia chumvi, nayo yakaota miguu. Ndiyo maana leo hakuna wa kumchotea maji wala wa kumkatia kuni. Anakunywa ya kisimani hivyo hivyo, na waliokunywa hayo wamekwishazikwa saba. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wazee. Mimi nimechimba, tumeingia wawili.

Sasa shikeni neno. Paskali, mizinga mitatu iliyobaki kule mahameni, kijiji cha zamani tulichohamishwa, ni yako, na dada yako usimnyime asali. Elina, nyumba ni yako pamoja na mbuzi, lakini usilale humo kabla hujamleta Luciana alale kitandani pangu. Atakufukuza, ana kisirani yule tangu usichana. Wewe mchemshie maji. Mwamkieni shikamoo mbele za watu, mle chungu kimoja naye, mlango ukiwa wazi, waone wote niliowadanganya.

Andrea! Njoo... usiniambie nipumzike. Hawa ni wanangu, niliwazaa mimi. Wa kumi ni Luciana. Uji wa leo sijauonja, mpelekee, umwambie umetoka serikali ya kijiji... jina langu usilitaje, ataumwaga.

Haya, wanangu. Mungu awape mvua kwa wakati wake, na uzao usiowakana... kama nilivyowakana mimi. Msinililie hapo kambani. Jua limekuwa kali... na mama yenu Luciana hajachemshiwa maji. Nendeni.