Aliyeisalimia Sakafu

Marehemu hakuingia chumba chochote bila kugonga sakafu kwa kisigino. Akiulizwa, alijibu, "Naisalimia. Si ndiyo itakayonibeba?" Kwa hiyo akaitwa Mama Kisigino, na jina likashika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mwashi na mkulima wa mboga. Alisoma hadi darasa la saba, lakini shule yake ya pili ilikuwa uani kwa bibi yake. Huko aliambiwa kwamba ngoma ya wanawake ilizaliwa kwenye kinu. Waliotwanga waliimba ili mchi usiwamalize pumzi; nafaka ilipokwisha, miguu ikakataa kunyamaza. Lisilosemeka mbele ya wakwe liliimbwa. Mwali alifundwa humo, na aliyefiwa alishikwa mkono akaingizwa katikati ya duara.

Mwaka 1970 aliajiriwa hospitalini, chumba cha cherehani, kushona mashuka. Saa ya chakula meza zilisukumwa ukutani, na washonaji wakacheza ngoma. Siku moja mkuu wa wauguzi alifungua mlango ghafla.

"Jamani! Hapa ni hospitali au ukumbi wa harusi?"

"Hospitali, Mkubwa," akasema marehemu, akihema. "Nasi tuko kwenye matibabu."

Mwezi haukuisha, mkuu naye alikuwa duarani.

Mumewe, seremala, alikuja duarani siku moja kupiga ngoma badala ya kaka yake mwenyewe. Alimkodolea marehemu macho mpaka mapigo yakampotea. "Wewe kaka," marehemu akamwambia mbele ya watu, "unapiga ngoma au unatwanga maji?" Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1975. Mzee anasema mpaka leo hajayapata mapigo yale.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, na daktari akamkataza kucheza. Kilichomnyima raha hasa kilikuwa swali moja: nani ataongoza duara? Macho yake yalikuwa kwa binti yake wa mwisho, mwalimu wa chuo, aliyejua nyimbo zote ila hakuthubutu kusimama katikati.

"Mama, miguu yangu ni mti mtupu."

"Na ngoma je? Si mti?"

Binti alicheka, lakini hakukubali.

Marehemu alifariki Jumapili alfajiri, tarehe 2 Juni 2024, katika hospitali ileile, juu ya shuka ambalo alikuwa amelikagua pindo na kuapa kwamba ni kazi ya mkono wake.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, na duara la wanawake ambalo leo, baada ya sala, litamzunguka. Ataongoza binti wa mwisho. Mola ampe pumziko la amani, ingawa kutulia hakukuwa fani yake.

Jioni ile ya mwisho, binti alipoinama kumfunika, marehemu alimvuta karibu akamnong'oneza: "Usiwatazame watu. Gonga sakafu kwanza, mwanangu. Ikikuitikia, anza."