Hewa Baridi na Sikio la Gona

Kijiwe chetu kiko Changamwe, nyuma ya karakana moja ya vyuma, na ubao wake umekaliwa na watu wenye akili, hata chuo kikuu kikifungwa kesho, wanafunzi waje wamalizie hapa. Mimi shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walizidi kuniuliza maswali. Jumapili hii viwanda vimezimwa. Kimya, mpaka kunguru wa magodauni wananong'ona. Mwanasaumu, muuza kahawa wetu, ameshamimina, lakini hakuna aliyecheka tangu tukae, kwa ajili ya Gona.

Gona anakereza vyuma kwa mashine ya karakana hiyo miaka ishirini na miwili. Tunamwita Sikio. Mafundi wengine huangalia chuma, yeye hukisikiliza. Kisu cha mashine kikitaka kuvunjika, chuma hubadili sauti, naye huzima kabla mambo hayajaharibika. Wallahi, aliwahi kusikia shafti ya meli ikilia Kilindini, na yeye yuko kitandani Jomvu Kuu.

Zamani chuma kikikatwa kilimwagiwa maji meupe yenye mafuta ili kipoe. Wenyewe waliyaita maziwa. Mwenye karakana kayaondoa: sakafu inateleza, mikono inawasha, mtaro unanuka. Kaleta paipu inayopuliza hewa baridi pale kwenye kisu, na paipu yenyewe inapiga mluzi kutwa. Alhamisi Gona hakuisikia sauti ya chuma ikibadilika. Kisu kikakatika, shafti ikaharibika, ya kwanza maishani mwake. Akaambiwa ahamie stoo. Akaomba kitu kimoja: kesho Jumatatu paipu izimwe, apewe chuma, akikereze kwa sikio lake. Akishindwa, ataondoka mwenyewe.

Mwanasaumu ndiye aliyeuliza ubaridi unatoka wapi na friji hakuna.

— Hewa inazungushwa ndani ya paipu mpaka inapata kisunzi, akasema Kefa. — Moto unatokea huku, baridi inatokea kule. Simple, msee.

Kefa ni mtu wa bara, mbeba magunia. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kulala nje ya chuo cha ufundi. Nikamwambia aache uongo. Hewa hiyo inaletwa kwa mitungi kutoka Limuru kwenye baridi, na ule mluzi ni kilio, imekumbuka kwao. Mwanasaumu akatuona wote wajinga. Mle ndani, akasema, mna jini anachambua moto na baridi kama mtu achambuavyo mchele, na ujira wake ni masikio ya watu.



— Maziwa yalikuwa na adabu, akasema Gona polepole. — Nilikuwa nakisikia chuma kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Wazime tu hiyo paipu. Mtaona.

Tukamuunga mkono sote. Kefa akaapa kwamba kufikia saa nne maziwa yatakuwa yamerudishwa kwa lori. Mimi nikasema sikio lile litawekwa benki kule Nyali, lilindwe na askari wawili, mmoja kila upande wa kichwa.

Ndipo akaja Kahaso, binti yake, na nguo zake za kanisani. Akatuamkia taratibu, akasimama nyuma ya baba yake.

— Baba.

Gona akapuliza kahawa yake.

— Baba, mama anakuita.

Tukadhani anafanya kiburi. Mara ya tatu Kahaso aliita kwa nguvu, mpaka mwanamke aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya barabara akageuka. Gona akamnyooshea Mwanasaumu kikombe, aongezewe.

Hakukuwa na paipu. Hakukuwa na mluzi. Nikagundua kwamba muda wote ule macho ya Gona yalikuwa kwenye midomo yetu.

Kahaso akatutazama mmoja mmoja.

— Nyinyi mnakaa naye kila siku, akasema. — Ameanza lini kuwa hivi?

Kefa akaangalia magodauni. Mwanasaumu alimimina kahawa mpaka ikafurika kikombe, ikamchoma Gona vidole.

— Mbona mmenyamaza? akauliza Gona.

Mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.